Picha ya Nyuma: Utangulizi wa Somo la Biashara ya Rimu za Mtumba

Tangazo la rimu za mtumba ndani ya kundi la WhatsApp la wapenzi wa magari huwa fupi. "Nauza rimu 17, nati tano, zimetoka kwenye gari yangu mwenyewe, hazijachomelewa, bei maelewano, mzigo upo Bagamoyo." Chini yake hufuata picha nne za upande wa mbele, rimu zimeoshwa zikang'arishwa. Haupiti muda, mdau mmoja anauliza: "Kaka, tupigie na ya nyuma." Somo ninalokukaribisha humu limo ndani ya ombi hilo.

Mbele ya rimu ni pa kutazamwa na watu barabarani. Habari zake ziko nyuma. Chukua rimu ya Kijapani, ilaze kifudifudi sakafuni kwa fundi matairi yeyote wa Bagamoyo, ukae nayo dakika chache. Upande wa ndani utakuta maandishi yaliyotoka pamoja na rimu kiwandani: 17x7JJ, yaani kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7, herufi zikitaja umbo la ukingo unaoshika tairi. Karibu yake kuna 48, yaani milimita ambazo uso unaokaa kwenye habu umesogea kutoka katikati ya upana wa rimu kuelekea nje ya gari. Kisha JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria, na mara nyingi VIA, inayoonyesha kwamba rimu ilisajiliwa baada ya kupimwa. Shuka kwenye tundu la katikati. Ukiona unga mweupe umejikusanya pembezoni, hiyo ni kazi ya hewa ya bahari: alumini imegusana na habu ya chuma, chumvi na unyevu vimeingia kati, na inayoliwa ni alumini. Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama. Hapo ndipo rimu hupinda kwanza ikipigwa na shimo, na hapo ndipo alama ya kuchomelea hufichwa chini ya rangi ya fedha. Kidole kikikutana na uvimbe mwembamba, bei imeshabadilika.

Swali la somo letu ni hili: mtu anapomtumia pesa mtu asiyemjua, kwa kitu kilichotumika ambacho hajakigusa, anategemea nini? Hoja yangu ni kwamba anategemea maelezo. Benki hushika hati ya nyumba; wapenzi wa magari hushikana kwa maelezo ya rimu, na maelezo hayo yana nguvu kwa sababu wanaoyasoma wanajua kuyapima. Mahali ambapo maelezo ni dhaifu, biashara hurudi kwa dalali. Yakiwa imara, fundi wa Bagamoyo anaweza kumuuzia mwalimu wa Mwanza bila mmoja wao kupanda basi.

Wasomi wametangulia kupita karibu na swali hili, na msomaji mgeni atafaidika akianza nao. Mwaka 1970 George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika Marekani, akaonyesha kwamba muuzaji akijua ubovu ambao mnunuzi haujui, mnunuzi hushusha bei kwa kila gari, wenye magari mazuri hujiondoa sokoni, na wenye mabovu ndio wanaobaki. Makala hiyo ilichangia yeye kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001. Mwaka 1978 Clifford Geertz, aliyefanya utafiti katika mji wa Sefrou nchini Morocco, aliandika kwamba katika soko la mtaani habari ni adimu na yenye thamani kubwa, na kwamba kazi kubwa ya mnunuzi ni kuitafuta. Kwangu mimi Geertz yuko karibu zaidi na mambo yetu. Mnunuzi wa Akerlof hana la kufanya mbele ya ujinga wake. Mnunuzi wa rimu huuliza, hudai picha, hutuma mtu, hulinganisha, na maswali yake huwa yamewekwa wazi mbele ya wadau mia mbili wanaosoma kimya.

Wa tatu ni Igor Kopytoff. Katika kitabu kilichohaririwa na Arjun Appadurai mwaka 1986, alipendekeza tuandike wasifu wa vitu kama tunavyoandika wasifu wa watu, na mfano mmoja aliouchagua ulikuwa gari katika Afrika: lilinunuliwaje, fedha zilitoka wapi, nani hulipanda mara nyingi, nani analiazima, gereji gani inalitengeneza, mwisho wake ni nini. Aliutaja mfano huo kwa ufupi akaendelea na mengine. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa Tanzania, akiwaweka mafundi wa gereji katikati ya historia ya teknolojia ya nchi hii. Ukisoma kitabu kimoja tu kabla ya kuingia humu, soma hicho. Kinachobaki ni kushuka kutoka kwenye gari zima hadi kwenye sehemu zake, kwa sababu gari moja lina maisha mengi, na rimu huishi maisha yake baada ya kuachana na gari lililokuja nayo.

Kwa nini Bagamoyo? Soko kubwa la spea za mtumba liko Dar es Salaam, Ilala na Kariakoo, kama lilivyo Barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi na Kisekka kwa Kampala. Huko mnunuzi hushika mali kwa mkono, hugonga rimu kwa nati asikilize mlio, hupatana bei uso kwa uso. Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kaskazini. Mtu wa Dunda au Magomeni ya Bagamoyo akitaka rimu, ama apoteze siku mjini, ama aamini simu. Umbali huo si mkubwa wa kuzuia biashara wala si mdogo wa kuifanya ya ana kwa ana, na ndiyo maana unafaa kwa utafiti. Anayekaa Ilala anaweza kuishi bila maelezo mazuri. Anayekaa Bagamoyo hawezi.

Mji huu pia una kumbukumbu ndefu ya kufanya biashara na asiyeonekana. Katika karne ya 19 misafara iliondoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ikiwa imebeba nguo na shanga za mkopo, ikarudi baada ya miezi mingi na pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila, kila frasila karibu kilo 16. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alijipatia utajiri kwa kuipa misafara bidhaa na wapagazi, na sehemu ya mali yake ikaishia kwenye shule na hospitali. Watafiti wanaopenda kuona mnyororo mmoja kutoka msafara hadi simu nawaomba wawe waangalifu. Karani wa zamani wa forodhani na kijana wa leo mwenye rimu nne barazani hawarithishani chochote ninachoweza kukithibitisha. Wanachoshirikiana ni tatizo, na tatizo likiwa moja, inafaa kulinganisha majibu.

Rimu zenyewe zinatoka wapi? Nyingi zimekuja na magari ya Japani, nchi ambayo, kama Tanzania, huendesha kushoto. Ukaguzi wa lazima wa magari huko hufanywa miaka mitatu baada ya gari jipya kusajiliwa, kisha kila miaka miwili, na gharama zake huwafanya wenye magari wayaachie mapema. Gari likishushwa bandarini Dar es Salaam, mara nyingine huwa limevaa rimu ambazo mmiliki wa kwanza alizinunua kwa mapenzi: Enkei, kampuni iliyoanza mwaka 1950, Work ya Osaka, iliyoanza 1977, au Rays, iliyotoa Volk Racing TE37 mwaka 1996, ambayo namba 37 katika jina lake inatokana na kilo 3.7 za gurudumu la inchi 15. Nyingine hupitia Ghuba, hasa Sharjah, ambako maduka ya spea zilizotumika yamejaa mitaa mizima na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ni wateja wa siku nyingi. Na kundi la tatu ni rimu mpya za kuiga, ambazo kwenye picha ya mbele huwezi kuzitofautisha na za asili. Mizani ndiyo inayozitofautisha. Nimemwona muuzaji makini akiining'iniza rimu kwenye mizani ya duka la nafaka na kupiga picha mshale ulipotulia. Picha hiyo ilinyamazisha ubishi kuliko maelezo ya aya tatu.

Baada ya kufika, rimu huhama, na sababu kubwa ya kuhama kwake ni barabara. Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2002 na ambayo sasa iko kila mtaa. Nyingi huvaa tairi la 185/65 inchi 15. Ukuta wa tairi hilo, kutoka ukingo wa rimu hadi sehemu inayokanyaga lami, una milimita 120. Kijana akipanda hadi rimu 17 na tairi la 205/45, kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, lakini ukuta unashuka hadi milimita 92. Gari linapendeza, linashika kona, na kila tuta kati ya Bunju na Bagamoyo linafika kwenye rimu mapema zaidi. Baada ya rimu kupinda mara kadhaa, au mtoto akishazaliwa nyumbani na hesabu kubadilika, rimu 17 huingia kundini na tangazo linasema "narudi kwenye za kawaida". Mnunuzi ni kijana mwingine, aliye pale alipokuwa muuzaji miaka michache nyuma. Ndiyo maana nasema hii ni biashara ya wapenzi: muuzaji anajua kwa nini mwenzake anazitaka, na anajua pia kitakachomkuta.

Sasa tufike kwenye namba, ambazo nawasihi wanafunzi wa sayansi za jamii wasiziruke wakidhani ni za mafundi peke yao. "Nati tano" katika tangazo haitoshi. Nati tano za Subaru Impreza za zamani na za Toyota Wish zimepangwa kwenye duara la milimita 100. Nati tano za Mark X, Crown Athlete na Harrier ziko kwenye milimita 114.3, namba inayoonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba ni inchi nne na nusu. Prado na Hilux zina nati sita kwenye 139.7, yaani inchi tano na nusu. Mtu akiuza rimu za 100 kwa mwenye Mark X hakuna madhara makubwa zaidi ya nauli, kwa sababu haziingii kabisa. Hatari iko kwenye zile zinazokaribiana. Rimu za Mercedes na za Golf kuanzia toleo la tano ni 112. Tofauti yake na 114.3 ni milimita 2.3 tu, na fundi mwenye haraka anaweza kuzilazimisha zikakaza. Nati hukaa upande, husugua, hulegea, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo.

Nati zenyewe ni sura nzima ya somo. Rimu za aloi za Toyota kutoka kiwandani mara nyingi hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za kununua pembeni zinataka nati yenye kichwa cha koni ya nyuzi 60. Ukiweka nati ya washa kwenye tundu la koni, spana itakuambia imekaza ilhali mguso ni mwembamba mno. Muuzaji anayesema "natoa na nati zake" anampa mnunuzi kitu cha thamani kuliko punguzo la bei, na wanaojua hulitambua hilo mara moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu rimu nzuri haijiuzi mpaka mtu aieleze, na anayeieleza vizuri huonekana wa kuaminika hata kabla hajataja bei. Ninapoona tangazo lenye vipimo vyote, picha ya nyuma, na sentensi kama "moja ina mkwaruzo, nimeuzungushia duara", najua muuzaji yule atakuwepo kundini mwaka kesho.

Juu ya maelezo kuna uthibitisho, na hapa fundi wa matairi anaingia kama shahidi. Siku hizi mnunuzi makini hudai video ya rimu ikizunguka kwenye mashine ya kubalansi. Kamera huwekwa usawa wa ukingo, rimu huzungushwa, na kama imepinda, ukingo utaonekana ukipanda na kushuka. Fundi hana faida katika kudanganya, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wanaweza kuwa wateja wake wa kesho. Nafasi hii ya fundi haijaandikwa vya kutosha. Katika mji wenye mashine chache za kubalansi, mwenye mashine anakuwa mtunza ukweli wa biashara ambayo yeye mwenyewe haiuzi wala hainunui.

Kuhusu malipo nitapita haraka, kwa sababu wengine wameyaandika vizuri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo kutuma pesa kumekuwa kwepesi kuliko kutuma mzigo. Hapo ndipo matapeli hupenya. Taratibu walizojiwekea wapenzi wa magari ni za kawaida: nusu kwanza na nusu mzigo ukifika, au pesa ishikwe na mkubwa wa kundi, au ndugu aliyeko karibu aende akakague. Rimu huvuka kwa gari dogo la abiria kutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo, au kwa basi la mkoani, zikiwa zimefungwa mbili mbili, uso kwa uso, katikati kipande cha godoro.

Sheria ipo, ingawa sijui mdau anayeitaja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo ni sharti ilingane na maelezo hayo. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na inaigusa biashara hii moja kwa moja: aliyeandika "hazijachomelewa" amejifunga. Wanafunzi wa sheria wana kazi nzuri hapa ya kuonyesha jinsi ujumbe wa simu unavyoweza kuwa ushahidi. Wana kazi nyingine ngumu zaidi. Dar es Salaam imezoea kusikia wizi wa taa, vioo vya pembeni na rimu, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Maneno "zimetoka kwenye gari yangu mwenyewe" yapo kwenye matangazo kwa sababu hiyo. Picha ya rimu zikiwa bado zimevaliwa na gari, kibao cha namba kikisomeka, ni maelezo ya asili ya mali, na kundi linalolazimisha picha hiyo linawalinda watu ambao hata hawamo kundini.

Kwako unayetaka kuanza utafiti, ushauri wangu ni kufuata seti moja. Chagua rimu nne, ujue zilikuja na gari gani, zilivuliwa lini, nani alizinunua, nani alizinyoosha, zilipakwa rangi mara ngapi. Omba ruhusa kabla ya kunakili tangazo la mtu. Lina namba yake ya simu, mara nyingi na sura ya nyumba yake, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kaa kwa fundi bila daftari kwanza. Jifunze kutofautisha, kwa kidole, rangi ya kiwanda na rangi ya chupa ya kupulizia. Bila ujuzi huo utaandika kuhusu kuaminiana bila kujua ni kitu gani kinaaminiwa.

Na usiishie pale rimu inapouzwa mara ya mwisho. Rimu iliyopasuka kwenye mkono unaounganisha katikati na ukingo haichomelewi tena. Huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alumini chakavu ina njia nyingi, mojawapo ikiwa majiko ya mafundi wanaoiyeyusha na kumimina sufuria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima sufuria za namna hiyo kutoka nchi kumi za Afrika, Asia na Amerika, ukakuta baadhi yake zikitoa risasi. Vipande vya kubalansi vinavyobandikwa au kubanwa kwenye ukingo wa rimu vilitengenezwa kwa risasi kwa miongo mingi, na bado vipo kwenye rimu nyingi kuukuu. Je, vinabanduliwa kabla rimu haijatupwa kwenye moto? Mafundi wa matairi wanaweza kutujibu kuhusu hatua ya kwanza, wanunuzi wa chakavu kuhusu ya pili, wayeyushaji kuhusu ya tatu. Sijaona aliyewauliza wote watatu kwa mfululizo, kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, kwa rimu zilezile. Kazi hiyo haihitaji maabara mpaka hatua ya mwisho, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye subira anaweza kuianza muhula huu.